Mmetoka Kumzika Nani?

Tarehe 9 Juni 2019 familia moja iliingia Uganda ikitokea Kongo, mtoto wao wa kiume wa miaka 5 akiwa mgonjwa. Walimpeleka Hospitali ya Kagando, ile ya Kanisa la Uganda iliyoko Kisinga, upande wa barabara itokayo Kikorongo kwenda Mpondwe. Wahudumu wa pale wakashuku Ebola. Mtoto akahamishiwa kituo cha kutibu Ebola kilichokuwa kimeandaliwa Bwera, karibu na mpaka, damu yake ikapimwa na Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Entebbe, na tarehe 11 Juni Wizara ya Afya ikatangaza kwamba ni Ebola kweli. Alikuwa mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa Uganda tangu mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri, huko Kongo, utangazwe Agosti 2018. Mtoto alifariki. Bibi yake wa miaka 50 akamfuata, kisha mdogo wake wa miaka 3. Upande wa Uganda hakuna mtu mwingine aliyeambukizwa.

Nimekirudia kisa hiki mara nyingi mbele ya wauguzi wanaoanza kazi. Mtoto mwenye homa, anayetapika, aliyelegea mikononi mwa mama yake, huonekana Kagando na Bwera kila siku, na mara nyingi ni malaria. Macho hayawezi kuyatenganisha magonjwa hayo siku za mwanzo. Kipimo cha Ebola hakikai juu ya meza ya mapokezi. Katika saa ile ya kwanza kinachotenganisha ni maswali machache ya kawaida kabisa: mmetoka wapi, mlikuwa mkimuuguza nani, mmetoka kumzika nani? Familia ile ilikuwa imetoka kumuuguza na kumzika babu wa mtoto huko Kongo. Jambo hilo likishajulikana, homa ile ile inabadilika maana mbele ya daktari.

Mwishoni mwa Agosti mwaka huo huo msichana wa miaka 9 kutoka Kongo naye aligundulika kuwa na Ebola, lakini yeye alinaswa na ukaguzi wa mpakani Mpondwe, kabla hajaingia wodi yoyote. Ukaguzi wa mpakani hutazama joto la mwili na dalili zilizokwisha kujitokeza. Virusi vya Ebola vinaweza kukaa mwilini siku 2 hadi 21 kabla ya dalili ya kwanza, na mtu wa namna hiyo hupita mbele ya kipimajoto akiwa mzima. Akija kuugua wiki moja baadaye katika kituo cha afya cha mlimani, hakuna atakayejua alikopita asipoulizwa na asipojibu.

Ninachotaka kusema ni kwamba maelezo ya mgonjwa ni sehemu ya tiba, tena sehemu inayoamua mengine yote, na kwamba huku kwetu mpakani maelezo hayo huvunjika kwa urahisi kuliko chombo chochote cha maabara.

Mwaka 1975 daktari J. R. Hampton na wenzake huko Uingereza walichapisha utafiti mdogo ambao ningependa kila anayevaa koti jeupe aujue. Waliwachukua wagonjwa 80 waliofika kliniki kwa mara ya kwanza. Daktari alitakiwa aandike ugonjwa anaoushuku baada ya kusoma barua ya rufaa na kumsikiliza mgonjwa tu, kabla ya kumgusa. Akaandika tena baada ya kuupima mwili, na tena baada ya majibu ya maabara. Kwa wagonjwa 66 kati ya 80, jibu la mwanzo lilibaki hilo hilo hadi mwisho. Kuupima mwili kulibadilisha jibu kwa wagonjwa 7, na maabara kwa wengine 7. Hiyo ilikuwa nchi yenye mashine za kila namna. Sasa fikiria kituo cha afya kilichoko juu milimani Rwenzori, ambako siku nyingine kilichopo ni kipimo cha haraka cha malaria, cha mkojo, na mzani wa watoto. Pale, anachosema mama aliyekaa kwenye benchi ndicho chombo kikubwa kilichomo chumbani.

Na bado mgonjwa wetu huja na nusu ya habari, nusu nyingine akaiacha mlangoni.

Nilipokuwa kijana kazini, katika kituo ambacho sitakitaja, mama mmoja alinijia na mtoto mwenye homa ya siku tano. Nilipomuuliza alikuwa wapi siku zote hizo, aliniambia ukweli: alimpa majani kwanza, kisha vidonge vya dukani. Nikamfokea mbele ya foleni nzima. Mtoto alipona. Miezi kadhaa baadaye mama yule yule alirudi na mtoto wake mwingine. Nikauliza umempa dawa gani kabla ya kuja hapa. Akasema hakuna. Kipimo cha haraka kikasema malaria, nikampa dawa ya malaria, nao wakaenda. Siku mbili baadaye wakarudi, mtoto amekaza shingo. Muuguzi aliyekuwa mpole kuliko mimi alikaa naye kando, ndipo mama akafungua pindo la kanga yake na kutoa karatasi ya vidonge vya malaria iliyotumika. Mtoto alikuwa amemaliza dozi wiki moja kabla hajafika kwangu.

Hapo kuna jambo la kitaalamu ambalo wagonjwa wengi hawalijui, wala si kosa lao. Kipimo cha haraka cha malaria tunachokitumia zaidi hutafuta protini ya vimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu hata wiki mbili au zaidi baada ya vimelea kufa. Mtoto aliyetibiwa malaria wiki iliyopita na akapona, leo akiugua uti wa mgongo au nimonia, kipimo bado kitasema malaria. Sentensi moja tu, "alimaliza dawa za malaria Jumatano iliyopita", ingenizuia nisiamini mstari ule mwekundu. Mama alikuwa nayo. Mimi ndiye niliyemfundisha kuificha, siku ile nilipomfokea.

Kwa hiyo ninapowaambia wasomaji waseme kila kitu, najua ninawaomba jambo lenye gharama. Watu huficha kwa sababu. Anayetoka ng'ambo ya mto Lubiriha, upande wa Kongo, huogopa kwamba akisema Kasindi au Beni atatengwa, au ataulizwa karatasi. Mjamzito aliyekunywa dawa ya kienyeji ya kuongeza uchungu anajua mkunga atamgombeza, ingawa kwa mkunga habari hiyo ni nzito: mji wa mimba uliosukumwa na dawa moja ukiongezewa nyingine unaweza kupasuka. Aliyeanzia kwenye kliniki ya mtaani hataki kuonekana hana imani na hospitali. Mwenye virusi vya UKIMWI anatazama benchi alilokalia jirani yake, hatua mbili kutoka meza ya daktari, pazia lenyewe halifiki chini. Na wapo wanaonyamaza kwa heshima, kwa sababu tulilelewa kwamba mkubwa akisema unaitikia.

Ikiwa jambo lako halifai kusikika, usiliache nyumbani. Mwambie daktari kwa sauti ya chini, "Nina neno la kukwambia, lakini si hapa." Sentensi hiyo haijamvunjia mtu yeyote heshima, na mhudumu anayeijua kazi yake atasimama mtafute pembe. Dawa uliyonunua dukani, ikiwa hukumbuki jina lake, beba karatasi yake au chupa yake tupu. Mzizi uliouchemsha, taja jina lake kwa lugha yako. Huenda daktari asiujue, lakini atajua kwamba kuna kitu.

Kwa upande wa daktari, mengi huharibika katika swali la kwanza. "Mbona umechelewa?" ni hukumu iliyovaa nguo ya swali, na ukishahukumiwa unajitetea, huelezi tena. Mwaka 1984 Howard Beckman na Richard Frankel, watafiti wa Marekani, walirekodi mazungumzo 74 ya madaktari na wagonjwa. Kwa wastani daktari alimkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18, na ni wagonjwa 17 tu walioachwa wamalize walichokuja kusema. Nikiwatazama wenzangu siku ya soko Mpondwe, foleni imefika kwenye mti na afisa wa kliniki ni mmoja, siwezi kuwalaumu kwa haraka yao. Lakini haraka hiyo ina bei. Mgonjwa wa kwetu huanza mbali: husalimia, hueleza safari, hutaja kichwa na mgongo, na kinachomtisha hukiweka mwisho. Ukimkata baada ya kichwa na mgongo unampa dawa ya maumivu, kisha damu aliyoiona chooni anarudi nayo nyumbani. Nawe mgonjwa, ukijua kwamba muda ni mfupi, geuza mpangilio huo. Anza na lile linalokunyima usingizi. Salamu zitapata nafasi yake.

Niseme sasa juu ya lugha, maana hapa ndipo Bwera inapotofautiana na Kampala au Nairobi.

Mtu wa Bwera anaweza kutumia lugha nne kabla ya chakula cha mchana: Lhukonzo nyumbani, Kinande na jamaa zake wa Kongo, ambacho kwa Mkonzo ni karibu lugha yake mwenyewe, Kiswahili sokoni, Kiingereza ofisini. Daktari naye huenda amezaliwa Mbale au Gulu, na udaktari wake wote amejifunza kwa Kiingereza. Wanakutana katikati, kwenye Kiswahili ambacho kila mmoja amekipata mahali tofauti. Chukua jina la huyo huyo anayetibu. Sehemu nyingi za Uganda huitwa musawo, neno la Kiganda. Mtu wa Beni au Butembo atamwita munganga, na katika Kiswahili cha Kongo munganga ni daktari wa hospitali. Aliyejifunza Kiswahili cha Kenya au Tanzania akisikia mganga, mara nyingi humjia akilini mtu wa mizizi na ramli. Sasa mama kutoka Kasindi anasema, "Nilianza kumpeleka kwa munganga, akamchoma sindano tatu." Mwandishi wa maelezo akiandika kwamba mtoto alianzia kwa mganga wa kienyeji, zile sindano tatu zimepotea, au zimegeuka kuwa chale. Mtoto anaweza kuchomwa dawa ile ile tena jioni hiyo.

Homa nayo. Kwa mmoja ni joto la mwili, kwa mwingine ni malaria yenyewe, kama ilivyo omusujja katika Kiganda, na kwa mtu wa pwani inaweza kuwa mafua. Mgonjwa akisema "nina homa" huenda ameshajipa jina la ugonjwa wakati daktari anadhani ametajiwa dalili. Afadhali kueleza mwili unafanya nini: natetemeka jioni, natoka jasho usiku, mkojo umekuwa kama chai ya rangi, nikipanda ngazi pumzi inakata. Maelezo ya namna hiyo hayahitaji mkalimani mzuri sana, kwa sababu hata yakitafsiriwa vibaya kidogo bado yana picha.

Kisha kuna saa. Dawa ya malaria inayotumika zaidi kwetu, ile ya mseto wa artemether na lumefantrine, hunywewa mara 6 kwa siku 3. Dozi ya pili hutakiwa ifuate masaa manane baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Sikiliza sasa mhudumu anavyosema, "Umeze tena baada ya saa nane." Mgonjwa amesikia nini? Aliyemeza ya kwanza saa tano asubuhi anaweza kumeza ya pili saa nane mchana, masaa matatu baadaye, kwa utii kabisa. Wasanifishaji wa lugha hulikemea neno masaa. Mimi katika chumba cha dawa nalipenda, kwa sababu masaa manane hayawezi kuchanganywa na saa nane. Na karatasi ikiandikwa kwa tarakimu za Kiingereza, 8 ya muuguzi ni saa mbili asubuhi, 8 ya mgonjwa ni saa nane mchana. Tena tuko mpakani: saa za Kongo ya mashariki ziko nyuma ya za Uganda kwa saa moja. Ukimwambia mtu wa Kasindi aje saa tatu, saa ya ukutani kwake ikigonga tatu, kwako ni saa nne na daktari ameshaingia chumba cha upasuaji. Tufunge dawa na miadi kwenye mambo ambayo hayana mpaka: ukishaamka, ukishakula cha jioni, kabla hujalala.

Mkalimani akihitajika, mara nyingi anayeshikwa ni mtoto wa mgonjwa aliyesoma, au shemeji, au mtu yeyote wa foleni. Hili naliona kuwa kosa kubwa kuliko tunavyolichukulia. Mama hawezi kumweleza mwanawe wa miaka kumi juu ya damu ya uzazi, na mwana hawezi kumtamkia mama yake neno kansa. Shemeji hufupisha. Nimesikia mgonjwa akizungumza dakika mbili kwa Kinande, na mkalimani akageuka na kusema, "Anasema tumbo linauma." Una haki ya kuomba mfanyakazi wa hospitali badala ya ndugu. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, lakini fomu za ridhaa nilizozishika mikononi karibu zote zilikuwa za Kiingereza, na watu wanazitia dole gumba.

Ridhaa yenyewe ndiyo ngumu zaidi. Niichukue rufaa, kwa sababu ndiyo inayovunja familia nyingi huku. Daktari wa Bwera anasema mgonjwa aende hospitali ya rufaa ya Fort Portal. Mgonjwa anaitikia, "Ndiyo, daktari." Barua inaandikwa. Kesho yake mgonjwa yuko kwake kijijini, na kwenye kitabu cha wodi imeandikwa kwamba alikataa rufaa. Hakukataa. Aliitikia neno, kisha alipotoka nje akaanza kupiga hesabu: gari, chakula cha atakayemuuguza, nani atabaki na watoto, kahawa iko shambani inaiva. Hospitali za serikali ziliacha kutoza ada mwaka 2001, lakini safari haijawahi kuwa bure. Na uamuzi si wake peke yake. Kuna mume, kuna baba mkwe, kuna kaka aliyeko Kampala mwenye pesa.

Hesabu hiyo ifanywe mbele ya daktari, kabla ya barua. Mgonjwa aulize huko Fort Portal kuna nini ambacho hapa hakipo, ni kipimo, ni daktari bingwa, au ni damu ya kuongezwa. Aulize tukisubiri mpaka asubuhi, au mpaka Ijumaa ya soko, kinaweza kutokea nini. Aseme wazi, "Pesa ya kwenda sina leo." Wagonjwa wengi huona aibu kuitamka sentensi hiyo, ilhali kwa daktari ni habari ya kitabibu kama presha. Akiijua anaweza kutafuta gari la wagonjwa, anaweza kuanza dawa itakayomshikilia mtu usiku huo, au anaweza kusema bila kuficha kwamba hapa hapana njia nyingine, uza mbuzi. Mwenye sauti nyumbani apigiwe simu mgonjwa akiwa bado kwenye kiti, na daktari aongee naye mwenyewe. Mume aliyeelezwa na daktari dakika tatu hufanya uamuzi tofauti na mume aliyeletewa habari na mkewe anayelia.

Hapo niweke mpaka. Ninaheshimu baraza la ukoo. Limewasafirisha wagonjwa wengi kuliko serikali. Lakini mwanamke mtu mzima mwenye akili timamu ndiye mwenye mwili, na ridhaa ni yake. Mkataba wa Haki za Wagonjwa uliotolewa na Wizara ya Afya ya Uganda mwaka 2009 unampa mgonjwa haki ya kuelezwa ugonjwa wake na tiba inayopendekezwa, kukubali au kukataa, kutafuta maoni ya daktari mwingine, na siri zake kutunzwa. Unamdai pia, naye atoe maelezo ya kweli juu ya afya yake. Nimeona mama akihitaji upasuaji wa kujifungua saa saba usiku huku wahudumu wakimtafuta mume asiyepokea simu. Mama mwenyewe alikuwa macho, akitusikiliza. Hakuna aliyemuuliza.

Wapo wanaosema watu wetu hawawezi kuamua mambo ya kitaalamu, kwamba ukiwaeleza sana unawachanganya. Ninawakumbusha yaliyotokea ng'ambo ya mpaka wakati ule ule wa Ebola. Kuanzia Novemba 2018 hadi Agosti 2019, katika vituo vya Beni, Katwa, Butembo na Mangina, kulifanyika majaribio ya dawa nne za Ebola, Profesa Jean-Jacques Muyembe akiwa mmoja wa viongozi wake. Ilikuwa katikati ya vita na uvumi, vituo vingine vikichomwa moto. Wagonjwa 681 waliingizwa katika majaribio hayo, na kila mmoja ilibidi yeye au mlezi wake aelezwe na aridhie. Kwa sababu walikubali, dunia ilijua kwamba dawa mbili, zile zilizoitwa mAb114 na REGN-EB3, zilipunguza vifo hadi takriban mtu mmoja kati ya watatu, wakati waliopewa ZMapp au remdesivir karibu nusu walikufa. Watu wa Beni na Butembo ni ndugu wa damu wa watu wa Bwera. Walielezwa jambo gumu katika hali mbaya kuliko yoyote, nao wakaamua.

Magonjwa ya kudumu nitayapitia haraka. Mwenye presha au sukari anapoacha dawa kwa sababu amejisikia nafuu, kwa kawaida hakuwahi kuambiwa kwa maneno yanayoeleweka kwamba nafuu ile inatoka kwenye vidonge. Aliambiwa "endelea na dawa" akadhani ni mpaka ziishe. Uliza, "Ni za mwezi huu au za maisha?" Na kama zinakuletea kizunguzungu au zinakupunguzia nguvu za unyumba, lisemwe. Zipo dawa nyingine.

Sasa daftari. Wagonjwa wa Uganda tunajua: unafika hospitali ya serikali na daftari la shule ulilonunua getini, daktari anaandika humo, unaondoka nalo. Wengine hununua jipya kila safari, kwa sababu la zamani limepotea au mtoto amechorea. Lichukulie daftari hilo kama hati ya shamba. Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2013 na tena Mei 2020, uliiharibu hospitali ya Kilembe. Majengo ya hospitali hayana hakika ya milele, wala ukihamia Kagando leo usitegemee mashine itakayowaonyesha wahudumu kilichoandikwa Bwera mwaka jana. Daftari liwe moja tu kwa hospitali zote, pande zote mbili za mpaka. Ukurasa wa kwanza uandikwe dawa ambazo mwili wako unazikataa, magonjwa ya kudumu, na upasuaji uliowahi kufanyiwa.

Kabla ya kuinuka kwenye kiti, lifungue na umsomee daktari ulichoelewa. "Umeandika 1x3. Ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku, au ni siku tatu?" Njia inayofanana na hii hufundishwa siku hizi katika vyuo vingi vya uuguzi: mhudumu humwomba mgonjwa arudie maelekezo kwa maneno yake mwenyewe. Huyo anayerudia hafanyiwi mtihani. Anayepimwa ni aliyeeleza. Mhudumu asipokuomba, jitolee, na ufanye hivyo kwa lugha unayofikiria kwayo, kama kuna mtu wa kuisikia. Nimewasikia watu wakirudia dozi sawasawa kabisa kwa Kiingereza cha shule, kisha kwa Lhukonzo ikatoka dozi nyingine.

Nina pendekezo moja kwa wilaya yetu, na halihitaji fedha nyingi. Mgonjwa wa Bwera hukaa kwenye benchi masaa kabla hajaingia kwa daktari, na kule ndani hupata dakika chache. Masaa yale ya benchi yanapotea bure. Zipo timu za afya za vijiji, watu wanaozijua lugha zote za hapa na wanaoaminika mitaani. Mmoja wao akae mezani pembeni ya foleni, kwenye kivuli, mbali na masikio ya watu, na amwandikie kila anayefika ukurasa mmoja kwenye daftari lake: ametoka wapi ndani ya wiki tatu zilizopita, amemuuguza nani au kumzika nani, amekwisha kumeza nini na lini, amepitia kwa nani kabla ya hapa, anataka kuzungumza lugha gani, na jambo gani linalomtisha zaidi. Aliyekuja na neno la siri awekewe alama tu, daktari ajue kwamba kuna la kuuliza mlango ukishafungwa. Maswali yawe yale yale kwa wote, Mganda na Mkongomani, aliyekuja kwa miguu kutoka kijiji jirani na aliyevuka daraja asubuhi ile. Likiulizwa kwa kila mtu, swali la msiba halitakuwa tena la kumnasa mgeni. Daktari akilifungua daftari, aanzie kwenye ukurasa huo, na swali lake la kwanza liwe juu ya mstari wa mwisho.